Mgonjwa haulizwi: barua ya wazi kwa wakuu wa afya kuhusu OCD

Waheshimiwa mawaziri wa afya, wakurugenzi wa hospitali, wakuu wa vyuo vya udaktari na uuguzi, na nyote mnaoamua fedha za afya ya akili ziende wapi,

Salaam, na kwa heshima zote. Nawaandikia kuhusu ugonjwa unaotibika ambao wengi walio nao hawatibiwi. Ni ugonjwa wa mawazo yanayojirudia na matendo ya kulazimika, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake, OCD. Kazi yangu ni unasihi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo nimeifanya na watu wenye ugonjwa huu. Ombi langu ni hili: agizeni kwamba kila anayefika kwenye huduma ya afya ya akili, na kila mama aliyejifungua, aulizwe maswali machache kuhusu OCD; na atakayekutwa nao apewe tiba ambayo imejulikana kwa miongo kadhaa, kwa dozi yake na kwa muda wake. Siombi kituo kipya wala mashine.

Tukubaliane kwanza tunazungumzia nini, maana jina hili limechezewa sana. Mtu anayependa kupanga vitabu vyake mstari mmoja, au asiyevumilia vumbi, hana OCD kwa sababu hiyo tu. OCD huanza na wazo, picha au msukumo unaoingia akilini bila kualikwa na kugoma kutoka: kwamba mikono hii ina uchafu utakaomuua mtu, kwamba nimemgonga mpita njia bila kujua, kwamba nitamkufuru Mungu katikati ya sala, kwamba nitamdhuru yule ninayempenda kuliko wote. Mwenyewe analichukia wazo hilo. Linamtia hofu, kinyaa au hatia isiyovumilika, na ili apate nafuu anafanya kitu: ananawa, anarudi kukagua, anahesabu, anarudia sentensi ile ile mpaka aione imekaa sawa, anamuuliza mwenzake kwa mara nyingine kama kweli ana hakika. Wapo wanaofanya yote hayo kichwani, mkono hausogei, na nyumba nzima haijui. Madaktari huuhesabu kuwa ugonjwa pale mambo haya yanapokula muda mwingi, kwa kawaida zaidi ya saa moja kwa siku, au yanapomvuruga mtu kazini, shuleni na nyumbani. Nimewapokea watu ambao nusu ya siku yao ilikuwa ikiishia hapo.

Kinachoutia nguvu ugonjwa ni ile nafuu yenyewe. Ni sawa na kujikuna upele: kila ukijikuna unapata raha ya muda, na upele unazidi kuwasha. Mtu akinawa, hofu inashuka, na ubongo unajifunza kwamba kunawa ndiko kulikomwokoa. Kesho hofu inarudi mapema zaidi na kudai kunawa kwingi zaidi. Ndiyo maana kumwambia mgonjwa "acha tu" hakusaidii, na kumhakikishia mara mia kwamba mlango umefungwa hakusaidii pia, kwa sababu kuhakikishiwa nako ni kujikuna.

Jambo ambalo wagonjwa wangu karibu wote hawalijui wanapofika, na ambalo natamani kila mhudumu wa afya alijue, ni kwamba mawazo yenyewe si ya ajabu. Mwaka 1978 watafiti Stanley Rachman na Padmal de Silva walionyesha kuwa watu wasio na ugonjwa wowote hupata mawazo ya aina ile ile wanayopata wenye OCD. Mwaka 2014 watafiti waliowahoji wanafunzi wa vyuo katika nchi 13, kwenye mabara sita, walikuta zaidi ya asilimia 90 wamepata angalau wazo moja la namna hiyo ndani ya miezi mitatu: kumsukuma mtu, kupiga kelele mahali pa kimya, kuacha moto ukiwaka, jambo la ngono lisilotamkika. Wengi wetu tunaliacha lipite. Mwenye OCD hawezi kuliacha, kwa sababu kwake kuliwaza ni karibu sawa na kulitenda, na anaamini kwamba asipofanya kitu, kitakachotokea kitakuwa kosa lake.

Na hapo ndipo mfumo wenu unapomwangusha, waheshimiwa. Mtu anayeamini kuwa wazo lake linamfanya kuwa muuaji au mzinzi hatalisema kwa hiari yake. Atasema hapati usingizi. Atasema ana mawazo mengi, kichwa kinamuuma, hana hamu ya chakula. Asipoulizwa moja kwa moja, ataondoka na dawa ya kitu kingine.

Mama mmoja niliyemhudumia alikuwa amekusanya visu vyote vya nyumbani kwake, akavizungushia taulo, akaifunga taulo kwa kamba na kuiweka juu ya kabati ambako hawezi kufika bila ngazi. Mkasi wa kukatia kucha za mtoto aliutupa. Hakubaki chumba kimoja na mtoto wake mchanga bila mtu wa tatu kuwepo, na kila alipomwogesha alihesabu mpaka ishirini kabla ya kumtia majini, akianza upya kila picha mbaya ilipomjia. Alikuwa ameshapita mikononi mwa wahudumu kadhaa. Walimpima presha, wakamuuliza kuhusu maziwa, usingizi na kama anajisikia huzuni. Hakuna aliyemuuliza kama kuna mawazo yanayomtisha. Alipewa diazepamu, dawa ya kutuliza. Siku alipojikaza na kumweleza mhudumu mmoja ukweli, jibu lilikuwa kwamba mtoto atengwe naye, na familia ikaanza kumtazama kama mtu wa hatari. Baada ya hapo alinyamaza muda mrefu.

Yule mama alikuwa na OCD ya wazi kabisa. Alilichukia wazo, alilikimbia, na alikuwa amejenga maisha yake yote kulizuia. Watu wenye mawazo ya namna hii ya OCD hawako katika hatari ya kuyatenda kwa sababu ya ugonjwa huo. Yanawatesa kwa sababu yanakwenda kinyume na kila wanachokithamini. Utafiti uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2008 ulikuta karibu nusu ya akina mama wachanga wamepata wazo lisilotakiwa la kumdhuru mtoto kwa makusudi, na ujauzito pamoja na miezi inayofuata kujifungua ni kipindi ambacho OCD huibuka au huzidi. Ipo hali tofauti, saikosisi ya baada ya kujifungua, ambayo mama anaamini kweli kwamba mtoto ni pepo au anasikia sauti zikimwamuru, wala haoni kasoro yoyote katika imani hiyo. Hiyo ni dharura, na mtoto anapaswa kulindwa siku hiyo hiyo. Mhudumu aliyefundishwa anaweza kuanza kuzitenganisha hali hizi mbili kwa mazungumzo ya utulivu: je, wazo hilo unalionaje? Linakutisha, au unaona ndilo jambo sahihi? Asiyefundishwa huziona ni kitu kimoja, na gharama yake inabebwa na mama na mtoto.

Nije kwenye chanzo, maana bila kukijua tutaendelea kusikia kwamba huyu amelogwa, yule imani yake ni haba, na wa tatu mamaye alimlea vibaya. Hakuna sababu moja. Urithi una nafasi kubwa: tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa kati ya asilimia 40 na 50 hivi ya tofauti baina ya watu inaelezwa na vinasaba, na nafasi hiyo ni kubwa zaidi ugonjwa unapoanza utotoni. Mwaka 2025 kundi la watafiti wa kimataifa lilichapisha uchambuzi wa vinasaba vya watu zaidi ya 50,000 wenye OCD na kubaini maeneo 30 yanayohusiana nao. Kila moja linachangia kidogo tu, kwa hiyo hakuna "kinasaba cha OCD" cha kupima kwenye maabara, na asidanganywe mtu kununua kipimo hicho.

Ndani ya ubongo, picha zimeonyesha mara kwa mara kuwa mzunguko mmoja wa mawasiliano hufanya kazi kupita kiasi. Unaanzia sehemu ya mbele ya ubongo iliyo juu ya macho, ambayo kazi yake ni pamoja na kugundua kosa na hatari. Unapita kwenye kiini cha ndani kiitwacho kaudeti, unafika kwenye thalamasi, na kurudi ulikotoka. Kwa mtu mwingine ishara ya "kuna kosa" huzimika mkono ukishafunga mlango. Kwa mwenye OCD inaendelea kulia, ingawa macho yameona na akili inajua mlango umefungwa. Hili ndilo linalowachosha zaidi: wanajua, na kujua hakuwasaidii. Serotonini, kemikali ya mawasiliano ya neva, inahusika pia. Tulilifahamu hilo kwa sababu klomipramini, ambayo inaigusa sana serotonini, iliwasaidia wagonjwa, huku dawa za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) za jamii yake zisizoigusa hivyo zikishindwa. Lakini kusema OCD ni "upungufu wa serotonini" ni kurahisisha mambo kupita kiasi.

Yapo mengine yanayochangia: matatizo wakati wa kuzaliwa, misukosuko mikubwa ya maisha, unyanyasaji utotoni. Kwa watoto wachache dalili huzuka ghafla baada ya maambukizi ya bakteria wa koo. Susan Swedo na wenzake walilieleza kundi hilo mwaka 1998, na madaktari bado wanabishana juu ya ukubwa wake. Malezi makali au nyumba ya kidini haviuzai ugonjwa huu, ingawa vinaweza kuupa sura. Ugonjwa huvaa nguo za mahali ulipo. Aogopaye dhambi atateswa na dhambi, aogopaye vijidudu atateswa na vijidudu. Na anayedhani ni ugonjwa wa kisasa ulioletwa na simu ajue kwamba Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika habari za mawazo yanayomganda mtu na kumnyima raha ya maisha, akayatenga na hofu, huzuni na hasira, na kuyatafutia tiba ya fikra.

Sasa tiba, na hapa nawaomba mnivumilie, kwa sababu ndipo penye habari njema ambayo haijawafikia watu.

Mpaka katikati ya miaka ya 1960 madaktari wengi waliamini OCD haitibiki. Mwaka 1966 Victor Meyer, aliyekuwa akifanya kazi London, aliandika juu ya wagonjwa wawili waliosaidiwa kukabili kile walichokiogopa huku wakizuiwa kufanya matendo yao ya kujituliza. Walipata nafuu ambayo tiba nyingine hazikuwa zimewapa. Naomba mlizingatie hili: waliokaa na wagonjwa hao saa baada ya saa walikuwa wauguzi. Tangu hapo njia hiyo ya kukabili na kujizuia imepimwa na kupimwa tena, na ndiyo tiba ya mazungumzo yenye ushahidi mzito kuliko zote kwa ugonjwa huu.

Inavyokuwa ni hivi. Mimi na mgonjwa tunaandika orodha ya mambo anayoyaogopa, kuanzia lile la kumtia wasiwasi kidogo hadi lile asilothubutu hata kulitaja, na kila moja analipa namba kati ya 0 na 100. Tunaanza na la kati. Kijana anayeogopa vitasa vya milango anashika kitasa kwa kiganja kizima, si kwa ncha ya kidole, kisha anaigusa shati yake na uso wake, na hanawi. Anasema 80. Anatetemeka. Ananiuliza kama nina hakika kwamba yuko salama, nami simpi hakikisho analolitaka. Namwambia kwamba leo tunajifunza kuishi bila kuhakikishiwa. Dakika zinakwenda. Anasema 75, anarudi 80, anasema 60. Hakuna kilichotokea, na hata pale hofu isiposhuka sana, amegundua kwamba anaweza kuibeba na kuendelea na siku yake. Kesho anarudia peke yake nyumbani, keshokutwa tena. Kwa kawaida vikao ni kati ya 12 na 20. Si tiba ya ukatili, na halazimishwi mtu. Anayeamua hatua inayofuata ni mgonjwa. Kwa yule mama, hatua ya kwanza ilikuwa kuandika wazo lake kwenye karatasi na kulisoma kwa sauti, na hatua za mwisho zilikuwa kushika kisu cha mboga mtoto akiwa amelala chumba hicho hicho.

Kwa mnaotaka takwimu: mwaka 2005 Edna Foa na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la watu wazima 122 nchini Marekani. Waliopata nafuu ya maana kwa tiba ya kukabili na kujizuia walikuwa asilimia 62, kwa klomipramini peke yake asilimia 42, kwa vyote viwili asilimia 70, na kwa kidonge kisicho na dawa asilimia 8. Na kwa wale wanaodhani mazungumzo si tiba ya kweli kwa sababu hayatoki kwenye chupa, mwaka 1992 Lewis Baxter na wenzake waliwapiga picha za ubongo wagonjwa waliopata nafuu, wengine kwa dawa ya fluoksetini na wengine kwa tiba ya tabia, yaani ya aina hii ya kukabili na kujizuia. Katika makundi yote mawili ile kaudeti iliyokuwa ikifanya kazi kupita kiasi ilikuwa imetulia.

Dawa nazo zina kazi yake, hasa pale ugonjwa ulipo mzito, penye sonona, au pasipo na mtu aliyefundishwa tiba ya tabia. Fluoksetini, sertralini na jamaa zao ndizo huanzwa nazo. Klomipramini ni nzuri ila inahitaji uangalifu zaidi wa moyo. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuzitoa dawa hizi kama zinavyotolewa kwa sonona: dozi ndogo, wiki nne, kisha "haikufaa". OCD mara nyingi hudai dozi ya juu zaidi, na jaribio la haki huchukua wiki 8 hadi 12. Mtu akipata nafuu aendelee nayo angalau mwaka mmoja, na kuiacha kuwe kwa kupunguza polepole chini ya uangalizi. Vijana wafuatiliwe kwa karibu wiki za mwanzo, kwa kuwa mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kipindi hicho. Diazepamu na jamaa zake haziutibu ugonjwa huu. Humfanya mtu asinzie, zikamfanya tegemezi, na zinaweza kudhoofisha kazi ya kukabili hofu. Hata hivyo ndizo nyepesi kupatikana, na ndizo ambazo wengi hufika kwangu wakiwa nazo mfukoni. Kwa wachache wasiopata nafuu kwa hayo yote ipo nyongeza ya dozi ndogo ya risperidoni au aripiprazoli, na zipo tiba za sumaku na za upasuaji, lakini hayo ni ya hospitali kubwa na sitayaongelea hapa.

Klomipramini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, tena imeandikwa kwa ajili ya OCD. Dawa iliyo kwenye orodha hiyo haipaswi kuwa dawa ya kubahatisha. Mgonjwa aliyepanda dozi kwa wiki kumi kisha akaambiwa imeisha mpaka robo ijayo ya mwaka hupata dalili za kuacha ghafla, na anaanza upya akiwa amevunjika moyo. Wale wanaosimamia maghala ya dawa wanaisoma barua hii pia, natumaini.

Kwa nini basi hali iko hivi? Sababu moja naiona kwenye vitabu vya kufundishia huduma ya msingi. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 2016, ambao nchi nyingi zimeutumia kuwafundisha wahudumu wasio mabingwa, una sura za sonona, saikosisi, kifafa, dimensia, ulevi, kujidhuru na mengine. OCD haina sura yake. Silaumu waandishi, walilazimika kuchagua. Lakini nchi ikichukua mwongozo huo bila kuongeza chochote, muuguzi anahitimu mafunzo bila kulisikia jina la ugonjwa unaompata mtu mmoja hadi watatu kati ya kila 100 katika maisha yao. Kisha daftari la wagonjwa linakuwa na mstari wa sonona na mstari wa saikosisi, na huyu wetu anaandikwa "wasiwasi" au "mengineyo". Mwisho wa mwaka takwimu zinaonyesha hakuna OCD, na bajeti inafuata takwimu. Orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, imeupa ugonjwa huu fungu lake na namba yake, 6B20. Uwekeni kwenye daftari.

Kuuliza hakuna ugumu. Mwongozo wa mwaka 2005 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unapendekeza maswali sita, ya lugha ya kawaida kabisa: kama mtu ananawa au kusafisha sana, kama anakagua vitu sana, kama kuna wazo linalomsumbua analotaka limtoke na halimtoki, kama shughuli za kila siku zinamchukua muda mrefu kumaliza, kama anahangaishwa na mpangilio wa vitu, na kama mambo haya yanamsumbua. Atakayejibu ndiyo apimwe kwa kipimo cha Yale-Brown, kilichochapishwa mwaka 1989, chenye maswali 10 na alama kati ya 0 na 40, na ambacho kinaonyesha pia kama tiba inafanya kazi. Kwa mama mchanga mimi huongeza sentensi moja kabla ya swali: "Akina mama wengi hupata mawazo ya ghafla ya kutisha kuhusu mtoto, hata ya kumdhuru; je, yamekupata?" Sentensi hiyo humfungua mdomo mtu aliyekaa kimya kwa miezi.

Mtaniambia hakuna mabingwa wa kutosha. Ni kweli, lakini tiba hii haikuhitaji mabingwa watupu hata ilipokuwa changa. Katika miaka ya 1970 daktari wa akili Isaac Marks aliwafundisha wauguzi jijini London kutoa tiba ya tabia kwa wagonjwa wa hofu na OCD, na matokeo yao yalilingana na ya madaktari na wanasaikolojia. Kinachohitajika ni mafunzo ya vitendo, msimamizi wa kumuuliza, na ratiba inayomruhusu muuguzi kukaa na mgonjwa saa nzima badala ya dakika tano. Hili la mwisho najua ndilo gumu, na ndilo lenye fedha ndani yake. Kule Bergen, Norway, Gerd Kvale na Bjarne Hansen wameonyesha kuwa hata siku nne mfululizo za tiba, wagonjwa wachache pamoja na kila mmoja akiwa na mtaalamu wake, huleta nafuu kubwa kwa wengi. Wanaoishi mbali na kituo wanaweza kuhudumiwa kwa simu au intaneti.

Shule zisisahauliwe. Ugonjwa huu mara nyingi huanza karibu na balehe au mwanzoni mwa utu uzima. Mtoto anayefuta na kuandika neno lile lile mpaka karatasi itoboke, anayechelewa kwa sababu hatoki chooni, anayeuliza mwalimu swali moja mara kumi, huadhibiwa kwa uzembe au ukaidi. Na wazazi wafundishwe, kwa upole, kuacha kushiriki. Karibu kila familia ninayoiona imejikuta inanunua sabuni za ziada, inajibu maswali yale yale usiku kucha, inabadili nguo mlangoni ili mwana apate amani. Wanafanya kwa upendo, na upendo huo unaulisha ugonjwa. Mzazi hawezi kulijua hili bila kuambiwa, wala hapaswi kulaumiwa kwa kutolijua.

Kuchelewa kuna bei. Tafiti zimekuta tena na tena kuwa kati ya dalili za kwanza na tiba sahihi hupita miaka mingi, mara nyingi zaidi ya saba. Uchambuzi wa kumbukumbu za taifa za Sweden uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba uwezekano wa mtu mwenye OCD kufa kwa kujiua ni karibu mara kumi ya ule wa watu wengine. Nimeshiriki mazishi ya mtu ambaye ugonjwa wake ulipewa jina sahihi akiwa amechoka mno.

Naomba nijibiwe kwa maandishi mambo matatu. La kwanza, tarehe ambayo maswali ya OCD yataingizwa kwenye fomu za huduma ya afya ya akili na za kliniki ya mama na mtoto, na ugonjwa kupewa mstari wake daftarini. La pili, ofisi gani imekabidhiwa kuwafundisha wauguzi na wanasihi tiba ya kukabili na kujizuia, na kundi la kwanza linaanza lini. La tatu, hali ya klomipramini na fluoksetini katika maghala, na nani anawajibika zinapoisha. Mimi na wanasihi wenzangu tuliokubaliana juu ya barua hii tuko tayari kulifundisha kundi hilo la kwanza bila malipo, mahali popote mtakapopanga.

Wenu katika kazi,
Mnasihi wa afya ya akili